Nafuu, Ahueni na Kupona: Juu ya Fungate ya Insulini

Watu wa mwambao wanapotoka kumtazama mgonjwa huwa na maneno matatu ya kuchagua. Wakimkuta ametulia kidogo kuliko jana, husema amepata nafuu. Wakimkuta homa imeshuka, amekaa kitako na anaomba uji, husema amepata ahueni. Na akishatoka nje, akaenda sokoni kwa miguu yake, husema amepona. Maneno haya hayakuwa matatu kwa anasa ya lugha. Kila moja huwaambia jamaa la kufanya: aliyeambiwa nafuu huendelea kukesha, aliyeambiwa ahueni hulala karibu, na aliyeambiwa amepona hurudi kwake akafunga mlango. Kwa hiyo mwenye kulitoa neno mahali pasipokuwa pake hakukosea lugha peke yake; amewaondoa watu katika zamu yao kabla ya wakati.

Nimekusudia katika makala haya kulizungumza swali moja ambalo maradhi ya sukari ya aina ya kwanza hulileta mbele yetu kwa namna ambayo maradhi mengine hayalileti. Swali ni hili: mtu akijaaliwa wema ambao sisi tunajua hautadumu, tumwambieje? Tumwache aufurahie kana kwamba ni wa milele, tumfiche ili asiuzoee, au ipo njia ya tatu? Mimi si tabibu. Kazi yangu ni maneno, yangu na ya watu wengine, na swali hili lilinijia kwa mlango wa neno, pale nilipoombwa miaka kadhaa iliyopita kukitia katika Kiswahili kijitabu cha wazazi wenye watoto wanaoishi na maradhi haya.

Kwanza tuyatazame maradhi yenyewe. Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Mwaka 1869 kijana mmoja mwanafunzi wa tiba mjini Berlin, Paul Langerhans, alikitazama kiungo hicho kwa darubini akaona mafungu madogo madogo ya chembe, yaliyotawanyika kama ardhi ndogo katikati ya maji. Hakujua kazi yake. Mwaka 1893 Mfaransa Laguesse akayaita visiwa vya Langerhans, na baadaye homoni itokayo humo ikaitwa insulini, kutokana na neno la Kilatini insula, ambalo maana yake ni kisiwa. Sisi tunaokaa visiwani hatuna haja ya kufafanuliwa zaidi: kila mtu, hata aliyezaliwa bara asiyepata kuiona bahari, ana funguvisiwa lake ndani ya mwili, nalo ndilo linalomwezesha kula akashiba.

Kazi ya insulini ni kuziruhusu chembe za mwili kuipokea sukari iliyomo damuni na kuifanya nguvu. Katika aina ya kwanza ya maradhi haya, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na wageni, hugeuka na kuvishambulia visiwa hivyo. Insulini hupungua hata ikakaribia kwisha, sukari hujaa damuni, na mwili hubaki na njaa katikati ya shibe. Kabla ya mwaka 1922 hapakuwa na tiba ila kumnyima mtoto chakula ili afe polepole badala ya kufa upesi. Tarehe 11 Januari mwaka huo, mjini Toronto, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alidungwa majimaji yaliyotolewa na Frederick Banting na Charles Best katika kongosho la ng'ombe. Hayakumfaa sana, kwani yalikuwa na uchafu. Baada ya James Collip kuyasafisha, mvulana yule akadungwa tena tarehe 23, na safari hii sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi. Banting mwenyewe, alipotoa mhadhara wake wa tuzo ya Nobel mjini Stockholm mwaka 1925, alikuwa mwangalifu kueleza kwamba insulini ni matibabu na haiponyi. Mtu aliyekuwa na haki kuliko wote ya kulitamka neno kubwa alichagua neno lililo sawa na jambo.

Sasa linakuja jambo lenyewe. Siku mtu anapogunduliwa kuwa na maradhi haya, visiwa vyake havikuzama vyote. Vingi vimekwisha kuharibiwa, lakini vipo vilivyosalia ambavyo vimenyamaza kwa kuchoshwa na wingi wa sukari. Insulini ya sindano ikiingia, vile vilivyochoka huondolewa mzigo, vikapumzika, na baada ya wiki chache huanza tena kufanya kazi. Hapo haja ya sindano hupungua, na kwa baadhi ya watu hupungua sana. Matabibu huhesabu kwamba mtu yumo katika kipindi hiki ikiwa sukari yake inakwenda vizuri kwa insulini isiyofika nusu yuniti kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wachache hufika mahali ambapo kwa muda mfupi karibu hawahitaji kitu. Kipindi hicho huwachukua wengine wiki kadhaa, wengine miezi mingi, na wengine hupita mwaka. Wapo wasiokipata kabisa, hasa watoto wadogo sana na waliofikishwa hospitali katika hali mbaya. Lakini kinga ya mwili haikuacha vita vyake. Visiwa vilivyosalia huendelea kupungua, na haja ya insulini hurudi, ikapanda hadi ikapita pale ilipoanzia.

Kipindi hiki Waingereza wamekipa jina lile lile wanalozipa siku za mwanzo za ndoa, ambalo kwa neno na neno ni mwezi wa asali. Nilipolifikia neno hilo katika kijitabu nilichokuwa nikikitafsiri, kalamu ilisimama. Kumwambia mzazi ambaye mtoto wake ana maradhi ya sukari kwamba sasa ameingia katika mwezi wa asali ni mzaha ambao hakuna aliyeukusudia. Kiswahili kina neno lake, nalo ni fungate. Lakini nilipolichunguza nikaona kwamba neno letu si kivuli cha lile la wageni. Lina hoja yake lenyewe, na hoja hiyo ni nzuri zaidi.

Katika Kiswahili cha kale fungate lilikuwa jina la saba. Kisha likabaki kwa zile siku saba baada ya harusi ambazo bwana na bibi harusi hukaa ndani. Hawapiki wala hawachoti maji wala hawahangaiki na la nje. Hukaa kwa raha. Lakini raha hiyo inatoka wapi? Desturi yetu inajibu: chakula hupikwa kwao bibi harusi kikaletwa. Kuna moto unaowaka katika jiko jingine, kuna mama na mashangazi walioamka alfajiri, kuna baba aliyenunua samaki na mchele. Asali ya Waingereza haina aliyeileta. Imo tu ndani ya mwezi wake. Fungate yetu ina mwenye kupika. Wale wawili wamepumzika kwa sababu wanaletewa.

Basi hivyo ndivyo ilivyo ahueni ya insulini. Visiwa vilivyosalia vimepumzika kwa sababu vinaletewa kutoka nje. Mtu akisema, mbona wanaonekana wana afya na furaha, basi na tusipeleke tena sinia, hakuelewa sababu ya afya waliyo nayo. Na anayesema, mbona mtoto ana nguvu na sukari yake ni njema, basi na tuache sindano, amesema jambo lile lile. Nililitia neno fungate katika kijitabu, na chini yake nikaandika maelezo marefu kidogo kuliko yaliyokuwamo katika asili, yanayotaja sinia na jiko.

Kwamba hili si jambo la kamusi peke yake nalijua kwa sababu ya binti wa dada yangu, ambaye maradhi haya yalimkuta akiwa na miaka kumi. Alifikishwa hospitali amekonda, anakunywa maji bila kukata kiu, pumzi zake zikinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Akatiwa insulini, akarejea. Wiki ya tano akaanza kutetemeka na kutoka jasho kabla ya chakula cha mchana, kwani kipimo cha sindano kilikuwa kimeipita haja yake. Daktari akapunguza, akapunguza tena, hadi ikafika yuniti sita kwa siku nzima. Nyumbani kukawa kama sikukuu. Bibi yake akasema mjukuu wake amepona, na jirani akaleta habari za mtu wa shamba mwenye dawa ya mizizi, ambaye alikuwa tayari kupokea shukrani kwa kazi ambayo hakuifanya.

Tulitazame hili kwa makini, kwani ni mtego ambao akili njema pia hunasa. Ahueni hii huja kwa wakati wake, katika wiki au miezi ya mwanzo. Ndiyo miezi ile ile ambayo jamaa wanahangaika kila upande, huyu analeta kombe, huyu mizizi, huyu mdalasini, huyu chakula asichokila mtu hapa. Yeyote aliyefanya lolote katika wiki ya nne ataona matunda katika wiki ya tano, na ataapa kwa dhati ya moyo wake kwamba yeye ndiye sababu. Hasemi uongo, anashuhudia alichokiona. Lakini kilichotangulia si lazima kiwe kilicholeta. Jogoo huwika kabla ya alfajiri, na bado hakuna aliyepata kumshukuru jogoo kwa jua. Hatari ni kwamba kitu pekee kilichofanya kazi, yaani sindano, ndicho kinachochukiwa na mtoto na kuwahuzunisha wazazi, na kwa hiyo ndicho cha kwanza kutafutiwa sababu ya kuachwa. Na kikiachwa, sukari hupanda, mwili huanza kula mafuta yake wenyewe, damu huingia asidi, na mtoto aliyekuwa akicheza uani anaweza kufa katika siku chache.

Usiku mmoja mtoto yule aliniuliza, "Mjomba, kwani mimi nimepona au mnanitisha tu?" Ndani ya nyumba palikuwa na majibu mawili. Bibi yake alitaka aambiwe amepona, kwani moyo ukifurahi mwili hufuata. Baba yake aliona heri asiambiwe lolote. Hata ile habari ya kupungua kwa dawa ifichwe, ili asije akaizoea raha na kuivunjia heshima sindano. Pande zote mbili zilimpenda, na kila upande ulikuwa na la kujitetea.

Jibu la bibi nimekwisha kulitolea hatari yake. Lakini lina dhara jingine lisiloonekana upesi. Mtoto akiambiwa leo kwamba amepona, na baada ya miezi sita sukari ikapanda, hatapoteza raha tu. Atapoteza na watu wa kuwaamini. Maradhi haya ni ya maisha, na mtu hawezi kuyabeba maisha yote kwa kutegemea nambari za mashine peke yake. Anahitaji wenziwe ambao neno lao lina uzito. Faraja ya uongo hulipwa kwa kukopa katika imani ambayo itahitajika kesho.

Jibu la baba ni gumu zaidi kulikataa, kwa kuwa linafanana na hekima. Linasema: jambo la kupita si la kufurahiwa. Lakini je, ni kweli kwamba wema usiodumu si wema? Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada, uliotangaza matokeo yake mwaka 1993, ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari vyema huzuia madhara ya macho, figo na mishipa ya fahamu. Na katika waliochunguzwa humo, wale ambao visiwa vyao vilikuwa bado vinatoa insulini kidogo walipata madhara machache zaidi, na sukari yao haikuanguka vibaya mara nyingi kama ya wengine. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo teplizumab, ambayo haizuii maradhi haya bali huyachelewesha kwa wale wanaoyaelekea. Katika majaribio yake uchelewesho huo ulikuwa wa kiasi cha miaka miwili. Mtu anaweza kuuliza, miaka miwili ni nini? Mwulize mama ambaye mtoto wake ana miaka minane. Ni miaka miwili ya skuli bila sindano, na usiku mia saba wa kulala. Ikiwa wataalamu wametumia miongo kutafuta muda huo, hatuna haki ya kumficha mtoto muda aliojaaliwa bure kana kwamba ni aibu.

Tena ukimya una somo lake, ijapokuwa hatukulikusudia. Mtoto anaona kwamba sindano imepunguzwa. Asipoambiwa sababu atajitungia yake. Atadhani watu wazima wanakisia, kwamba nambari hazina maana, au kwamba dawa hii hutolewa kwa mazoea tu. Aliyelelewa kwa kuogopeshwa huacha kufuata siku hofu inapokwisha, na hofu ya mtoto huisha upesi.

Ipo basi njia ya tatu, nayo ni kumpa mtu habari ya wema wake pamoja na sababu yake na mpaka wake. Si kumwambia furahi na kunyamaza, wala kumwambia ogopa na kunyamaza. Ni kumwambia: una ahueni, nayo ni ya kweli, inatoka katika sindano na katika visiwa vyako vilivyosalia, itapungua, na hakuna ajuaye siku. Hapa fungate ya insulini inaachana na fungate ya harusi, na ni haki kulisema hilo ili neno lisije likadanganya. Fungate ya harusi ina hesabu yake. Hii haina. Anayeishi ndani yake anaombwa jambo gumu, yaani kuifurahia raha bila kuijua tarehe ya mwisho wake, na kupima kila siku ili mwisho huo usimkute amelala.

Nusu ya pili ya swali letu huja pale haja inapopanda, na hapo ndipo tunapowaonea wagonjwa kuliko mahali pengine. Nambari ikipanda, neno la kwanza nyumbani, na mara nyingine hata hospitali, ni "Umekula nini?" Linasemwa kwa macho ya hakimu. Naam, chakula kina nafasi yake, na mtu anaweza kukosea. Lakini haja ya insulini hupanda kwa sababu nyingi ambazo hakuna aliyezitenda. Hupanda kwa sababu visiwa vya mwisho vimenyamaza. Hupanda kwa homa na kwa jeraha. Hupanda mtoto anapobalehe, kwa kuwa homoni za ukuaji huipinga insulini. Kijana anaweza kuhitaji yuniti moja na zaidi kwa kila kilo, na wengine hukaribia mbili, ambapo katika fungate alihitaji chini ya nusu. Kwa mama mjamzito huweza kushuka kidogo mwishoni mwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha ikapanda miezi ifuatayo, na baada ya kujifungua ikaanguka ghafla. Mwendo wa miguu na kazi ya shamba huishusha. Mfungo wa Ramadhani huipindua saa zake zote, ndiyo maana mwenye maradhi haya hapaswi kufunga bila ya ushauri wa daktari, na sheria yenyewe imemwachia ruhusa mgonjwa.

Mtoto akirefuka hata kanzu ya sikukuu iliyopita ikamfika magotini, hakuna anayemwuliza umefanya nini. Tunapeleka kitambaa kwa fundi. Kwa nini basi yuniti zikiongezeka tunatafuta mkosaji? Nadhani ni kwa sababu katika lugha yetu kupunguza dawa ni dalili ya kupona na kuongeza dawa ni dalili ya kuzidiwa, na katika maradhi mengi ndivyo ilivyo. Katika haya sivyo. Kipimo kikubwa si maradhi makubwa, na kipimo kidogo si ucha Mungu wala nidhamu. Insulini si adhabu ambayo mtu akiwa mwema hupunguziwa. Ni kile ambacho kongosho la kila mmoja wetu hukitoa bila ya kuhesabiwa na mtu. Hakuna aliyepata kusifiwa kwa uchache wa insulini aliyoitoa mchana kutwa.

Aibu hii ina historia ndefu. Elizabeth Hughes, binti wa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alipelekwa kwa Banting mwezi Agosti 1922 akiwa amebaki kiasi cha kilo 20, naye anatimiza miaka 15. Alipona kifo, akasoma, akaolewa, akazaa, akaishi hadi mwaka 1981. Mmoja wa watu wa kwanza duniani kuokolewa na dawa hii aliitumia karibu miaka 60, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alilificha jambo lake. Mtu anayejificha ili adunge sindano ataikosa siku ambayo hana mahali pa kujificha. Kwa hiyo anayemtia mwenzake aibu kwa sababu ya nambari amemdhuru mwilini, hata kama hakumgusa.

Tumezoea kudhani kwamba mwaminifu ni yule afanyaye jambo moja kwa namna moja kila siku. Katika ushairi wetu vile vile, mizani ikipotea tunasema mtungaji ameteleza. Lakini nahodha anayeliacha tanga vile vile lilivyo upepo ukibadilika hatuwezi kumwita mwaminifu kwa tanga lake, atazamisha watu. Maradhi haya yananifundisha kwamba upo uthabiti wa namna nyingine, ambao hauonekani katika kipimo bali katika kupima. Mama aliyetoa yuniti sita mwezi wa Machi na yuniti ishirini mwezi wa Oktoba hakuyumba. Alifanya jambo lile lile siku zote: aliuliza leo kunahitajika nini, akajibu.

Lakini kujibu kunahitaji kuwa nacho cha kujibia, na hapa maadili yanatoka nyumbani kwenda sokoni na serikalini. Tufanye hesabu. Kichupa cha kawaida cha mililita kumi kina yuniti 1,000, na kikishafunguliwa hutakiwa kutumika ndani ya wiki nne hivi. Mtoto wa kilo 30 aliye katika fungate anaweza kutumia yuniti tisa kwa siku. Kwa siku 28 ni yuniti 252, na robo tatu ya kichupa humwagwa. Fungate ikiisha, mtoto huyo huyo akihitaji yuniti 30, kichupa kinakwisha kwa mwezi. Akifika kilo 50 katika ujana wake na haja yake ikawa yuniti 60, kichupa hakifiki siku 17. Mzazi aliyedhani kwamba katika fungate anaweka akiba hakuweka kitu, na mzazi aliyezoea kichupa kimoja kwa mwezi atajikuta katika mwezi wa vichupa viwili bila kipato chake kuongezeka. Hapo ndipo mtu anaposhawishika kudunga nusu na kusema mtoto hajambo. Wagunduzi wa Toronto waliuza hataza yao kwa chuo kikuu mwaka 1923 kwa dola moja moja, kwa kutaka dawa isiwe ya wenye mali tu. Miaka mia moja baadaye, wapo ambao bado hawaipati.

Na kuihifadhi nako ni mzigo kwa asiye na jokofu. Katika hili ipo habari njema iliyotoka jirani yetu: uchunguzi wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotangazwa mwaka 2021 na kuegemea joto lililopimwa nyumbani katika kambi ya Dadaab, Kenya, ulionyesha kwamba insulini ilistahimili wiki nne katika joto lililopanda na kushuka baina ya digrii 25 na 37. Maana yake ni kwamba nyumba maskini haikuhukumiwa tangu mwanzo. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini, ambao bibi zetu waliutumia kupozea maji, unaweza kusaidia pale pasipo na umeme, kwa kufuata maelekezo ya wauguzi.

Basi kumwambia mtu ukweli juu ya ahueni yake ni nusu ya wajibu, na nusu nyingine ni kuhakikisha kwamba siku haja itakapopanda kichupa kipo. Anayemtahadharisha mtoto kwamba fungate itakwisha, kisha akamwacha bila dawa siku inapokwisha, amempa habari ya msiba wake tu.

Binti wa dada yangu sasa ni mwanamwali, na sindano zake ni nyingi kuliko zile za mwanzo. Lile swali lake nililijibu kwa maneno ambayo hadi leo sijapata kuyabadilisha, nami nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote atakayeulizwa na mtoto au na mtu mzima. Hukupona, na wala hatukutishi. Umepata ahueni, na ahueni hii unaletewa na sindano, kwa hiyo usiiache hata ukijiona mzima. Ifurahie. Itakapopungua, halitakuwa kosa lako wala letu. Siku hiyo tutapima, tutaongeza, na utakwenda skuli kama kawaida.